Jinsi ya Kuchagua Hoteli Karibu na Bandari Kabla ya Kupanda Meli ya Kitalii

Maswali ya wanaopanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza hayabadiliki. Nifike siku ile ile au siku moja kabla? Nilale karibu na uwanja wa ndege au karibu na bandari? Hoteli imejitangaza kuwa iko "dakika tano kutoka bandarini", niiamini? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili ukimaliza kusoma uweze kuweka nafasi leo hii.

La kwanza nalijibu sasa hivi: fika siku moja kabla. Ukikosa ndege kwa sababu ndege ya kwanza ilichelewa, mara nyingi shirika litakutafutia nyingine. Meli ikishang'oa nanga imeondoka, na gharama za kuifuata ni zako. Hata kuifuata kwenyewe si jambo rahisi. Bandari inayofuata inaweza kuwa ndani ya nchi inayokudai viza ambayo huna. Marekani nayo ina sheria ya mwaka 1886 inayozuia meli zenye bendera za nje, yaani zilizosajiliwa nchi nyingine, kusafirisha abiria kutoka bandari moja ya nchi hiyo hadi nyingine, kwa hiyo unaweza kuiwahi meli mbele ya safari na bado ukakataliwa kupanda. Kama unavuka kanda nyingi za saa, au unasafiri msimu wa theluji na dhoruba, fika siku mbili kabla.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Hati zako za safari ya meli. Unatafuta mambo matatu ndani yake: jina la kituo cha abiria, saa uliyopangiwa kufika, na saa ya mwisho ya kupokea abiria.
- Tiketi ya ndege au treni, na jina kamili la uwanja utakaotua. Majiji makubwa yana viwanja viwili au zaidi.
- Hesabu ya watu na hesabu ya masanduku. Wengi hukumbuka ya kwanza wakasahau ya pili. Watu wanne wenye masanduku sita hawaenei kwenye teksi ya kawaida.
- Kadi ya benki yenye salio la kutosha, maana hoteli nyingi huzuia amana unapofika mapokezi, na pesa hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi.
- Ruhusa ya kuingia nchini. Ukilala hotelini umeingia nchini, hivyo viza ya kupita tu uwanja wa ndege haikutoshi. Na kama meli yako itatoka nje ya eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) kisha irudi, viza ya kuingia mara moja tu itakukwamisha.

Hatua ya 1: Jua meli inaondokea wapi hasa

Usitafute hoteli kabla ya kumaliza hatua hii. Matangazo ya safari hutaja jiji maarufu, ilhali meli inaweza kufunga gati mbali kabisa na jiji hilo. Safari ya "Roma" huanzia Civitavecchia, kama kilomita 70 kutoka Roma. "Paris" ni Le Havre, karibu kilomita 200. "Berlin" ni Warnemünde, kwenye pwani ya Baltiki, zaidi ya kilomita 200 kaskazini. "Bangkok" mara nyingi ni Laem Chabang, zaidi ya kilomita 100. "London" aghalabu ni Southampton, ingawa meli nyingine hutumia Dover au Tilbury. "Tokyo" inaweza kuwa Yokohama.

Venice inahitaji uangalifu wa pekee. Tangu Agosti 2021 meli kubwa haziruhusiwi kupita mbele ya jiji kwa mfereji wa Giudecca. Safari zinazouzwa kwa jina la Venice sasa zinaweza kuanzia Marghera upande wa bara, au Chioggia, au hata Ravenna na Trieste, ambako ni mwendo wa saa mbili hivi kwa barabara. Mtu aliyelipia chumba karibu na uwanja wa Mtakatifu Marko, kisha meli yake iko Ravenna, ana kazi asubuhi hiyo.

Ukishajua mji, tafuta kituo cha abiria. New York ina vituo vitatu: Manhattan, Red Hook kule Brooklyn, na Cape Liberty ambacho kiko Bayonne, jimbo la New Jersey. Singapore ina viwili, Marina Bay na HarbourFront. Seattle ina viwili, Gati 66 katikati ya mji na Gati 91 nje kidogo. Sydney ina kimoja Circular Quay, hatua chache kutoka kituo cha treni, na kingine White Bay ambako treni haifiki. Southampton ina vituo kadhaa vilivyogawanyika kati ya gati za mashariki na za magharibi, na kila upande una lango lake.

Tahadhari: kampuni inaweza kubadilisha kituo wiki chache kabla ya safari. Angalia hati zako tena siku saba kabla, na mara nyingine tena siku moja kabla.

Hatua ya 2: Pima umbali kutoka mlango wa kituo, si kutoka "bandarini"

Bandari ni eneo kubwa lenye uzio, makontena, reli na barabara za malori. Hoteli inayosema iko dakika tano kutoka bandarini inaweza kuwa inasema kweli, ila imepima hadi kwenye uzio wa upande wa mizigo.

Fungua ramani ya simu, andika jina kamili la kituo cha abiria, na uweke alama kwenye mlango wa kuingilia. Kutoka hapo pima hadi kila hoteli unayoifikiria, kwa njia mbili: kwa gari na kwa miguu. Kisha ivute ile njia ya miguu uitazame kwa karibu, ukitumia picha za mtaani kama zipo. Je, kuna njia ya waenda kwa miguu? Kuna ngazi? Kuna daraja?

Chukua mfano wa Miami. Vituo vya meli viko kwenye kisiwa cha Dodge, mkabala na katikati ya mji. Kutoka dirisha la hoteli ya mjini unaziona meli waziwazi, na ramani itakwambia ni mwendo mfupi. Lakini katikati kuna daraja, jua, na bandari yenyewe ni ndefu. Kuvuta sanduku la kilo 23 hapo huku umeshika mtoto mkono si matembezi. Barcelona nayo ni hivyo hivyo: meli nyingi kubwa hukaa kwenye gati la Adossat, ng'ambo ya daraja, na watu wenye busara hupanda basi la bandari kutoka karibu na mnara wa Columbus, au teksi.

Kipimo changu ni hiki: mita 800 za njia tambarare yenye lami ni kutembea. Zaidi ya hapo, hesabu kuwa utapanda gari, na ukishapanda gari, tofauti ya hoteli iliyo kilomita mbili na iliyo kilomita sita ni dakika chache tu. Wengi hawalifikirii hili. Hulipa bei ya juu kwa ajili ya "ukaribu", na asubuhi wanaita teksi ile ile ambayo wangeiita kutoka mtaa wa bei nafuu.

Hatua ya 3: Amua eneo: uwanja wa ndege, mjini, au bandarini

Saa ya kutua ndiyo inayoamua.

Ukitua usiku, tuseme baada ya saa 3, na uwanja uko mbali na bandari, lala karibu na uwanja wa ndege. Port Canaveral iko kama kilomita 70 kutoka uwanja wa Orlando. Galveston iko zaidi ya kilomita 60 kutoka uwanja wa Hobby wa Houston, na zaidi ya 100 kutoka uwanja wa Bush. Safari hizo ni nyepesi zaidi asubuhi ukiwa umelala. Sharti ni moja: usafiri wa asubuhi uwe umeulipia kabla hujalala.

Ukitua mchana, sogea hadi mji wa bandari siku hiyo hiyo. Hapo unakuwa umeimaliza sehemu ngumu ya safari, na foleni ya barabara kuu kesho yake haikuhusu.

Kati ya hoteli ya mjini na ile iliyoegemea lango la bandari, mimi nasimama upande wa mjini, hasa karibu na kituo cha treni. Maeneo mengi ya bandari hulala mapema. Ukishuka saa 2 usiku kutafuta chakula unakuta barabara tupu na mghahawa mmoja wa hotelini wenye bei yake. Mjini kuna duka la dawa, kuna pa kununua chaja uliyosahau, kuna teksi. Ila kama unasafiri na mzee au mtu mwenye kiti cha magurudumu, au watoto wadogo watatu, chukua iliyo karibu kabisa na mlango, hata kama chumba chenyewe si kizuri sana.

Hatua ya 4: Panga asubuhi yako kwa kuhesabu kinyumenyume

Chukua karatasi. Tiketi imeandika 16:00, yaani saa 10 jioni. Hiyo ndiyo saa ya kung'oa nanga, na haikuhusu sana. Kampuni nyingi hufunga mapokezi dakika 60 hadi 90 kabla ya hapo, kwa sababu orodha ya abiria lazima iwe imefungwa na kupelekwa kwa mamlaka. Kwa hiyo mwisho wako ni saa 8:30 mchana. Lakini umepangiwa kufika kati ya saa 6 na saa 6:30 mchana, na hiyo ndiyo saa unayoifanyia kazi.

Sasa rudi nyuma. Ramani inasema dakika 20 kwa gari. Ziongeze maradufu, maana siku ya meli barabara ya bandari hujaa. Ongeza robo saa ya kushusha mizigo na kupakia. Unatakiwa uwe mapokezi ya hoteli saa 5 asubuhi. Sasa angalia hoteli inawatoa wageni vyumbani saa ngapi. Kama ni saa 5 asubuhi, umepata hoteli inayolingana na siku yako. Kama ni saa 4, una saa nzima ya kukaa na masanduku ukumbini.

Waliopangiwa saa 8 mchana ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa wanatoka chumbani saa 5 na hawana pa kwenda. Usijaribu kuwahi kituoni kabla ya saa yako. Vituo vingine vitakusimamisha nje, juani au mvuani. Tafuta hoteli inayokubali kukutunzia mizigo, au inayouza saa za ziada chumbani.

Tahadhari: andika saa kwa namna mbili, ya tiketi na ya kwetu, 14:00 na saa 8 mchana. Familia moja, simu tatu zenye saa tofauti na usingizi wa ndege, hapo ndipo mtu husoma 14:00 akakumbuka saa 4.

Hatua ya 5: Chuja kwa maoni ya wageni

Nyota za hoteli hazikusaidii hapa. Ingia kwenye maoni ya wageni na utafute maneno matatu kwa lugha ya maoni hayo: meli, basi, teksi. Soma ya miezi sita ya karibuni tu. Unachotafuta ni watu waliolala hapo usiku mmoja kabla ya kupanda meli. Hao wanaeleza mambo ambayo tangazo haliyasemi: kwamba basi la hoteli lina viti 12 na asubuhi ya Jumamosi lilikuwa na watu 40, kwamba lifti ni moja, kwamba kifungua kinywa kinaanza saa 2 wakati foleni ya basi ilianza saa 1:30.

Ukikuta malalamiko ya kelele za baa iliyo chini, pima. Ni usiku mmoja. Ukikuta malalamiko ya kunguni, funga ukurasa, maana kunguni utapanda nao melini.

Hatua ya 6: Ongea na hoteli kabla ya kulipa

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa watu wengi. Piga simu au andika barua pepe, na uulize mambo haya kwa maneno ya wazi:

1. Basi lenu linafika kituo cha abiria (taja jina lake), au linakwenda uwanja wa ndege tu? "Usafiri wa bure" kwenye tangazo mara nyingi ni wa uwanja wa ndege.
2. Linaondoka saa ngapi, na je, nafasi huwekwa mapema au ni wa kwanza kufika?
3. Ni bure, au ni kiasi gani kwa kila mtu? Watoto wanalipiwa?
4. Kila mtu anaruhusiwa mizigo mingapi?
5. Tukitoka chumbani, mizigo inatunzwa? Kwa malipo?
6. Chumba cha watu wanne kina vitanda vingapi kweli? Kitanda cha tatu ni kitanda au ni kochi la kukunjua?

Omba jibu la maandishi. Mtu wa zamu ya usiku akikwambia kwa simu kwamba basi lipo, mtu wa zamu ya asubuhi hana habari nalo.

Piga pia hesabu ya teksi. Basi linalotoza kila kichwa, kwa familia ya watu watano, linaweza kuwa ghali kuliko gari kubwa la kukodi linalowapeleka moja kwa moja hadi mlangoni bila kusimama hoteli nyingine tatu.

Hatua ya 7: Soma bei yote, kisha weka nafasi inayoghairika

Bei ya kwanza unayoiona huenda si ya mwisho. Miji mingi ya bandari hutoza ushuru wa wageni kwa kila usiku, na mara nyingine ushuru huo hulipwa mapokezi: Barcelona na Roma zinatoza, na Amsterdam tangu 2024 inatoza asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Ongeza maegesho, kifungua kinywa na basi, ndipo ulinganishe hoteli na hoteli.

Kwa safari ya meli, chagua bei inayoruhusu kughairi bila faini, hata ikizidi kidogo. Ratiba za ndege hubadilika, na vituo vya meli hubadilika. Soma mwisho wa kughairi kwa makini: huhesabiwa kwa saa za mji wa hoteli, si za kwako.

Kama unaenda na gari lako, ulizia vifurushi vya usiku mmoja pamoja na maegesho ya siku zote za safari. Vipo sana Marekani na Uingereza. Hakikisha tu gari linabaki kwenye eneo la hoteli lenye ulinzi, na halihamishiwi kiwanja kingine bila wewe kujua.

Hatua ya 8: Usiku wa kuamkia safari

Ukifika, thibitisha basi au teksi mapokezi kabla hujapanda chumbani. Weka lebo za meli kwenye masanduku makubwa usiku huo, si kabla ya ndege, zisije zikachanika. Lebo zikiwa hazijachapishwa, hoteli nyingi zitakuchapishia.

Tenga begi dogo la mkononi: pasipoti, dawa, miwani, chaja, nguo za kuogelea za watoto. Wapagazi wa bandari watachukua masanduku makubwa mlangoni, na yanaweza kukufikia chumbani jioni. Pasipoti iliyofungiwa ndani ya sanduku lililokwishachukuliwa ni shida kubwa, na hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani.

Ukikwama

*Ndege imechelewa na utafika hotelini baada ya saa 6 usiku.* Pigia hoteli simu ukiwa bado uwanjani, uwaambie washike chumba. Hoteli zikijaa, asiyefika bila taarifa ndiye anayepoteza chumba chake.

*Hoteli imeuza vyumba kupita kiasi, chumba hakuna.* Usiondoke mapokezi. Waombe wakutafutie hoteli nyingine ya hadhi ile ile kwa gharama yao, pamoja na usafiri wa kwenda huko na wa kesho kwenda bandarini. Kabla hujakubali, ipime kwa mlango wa kituo kama ulivyofanya hatua ya 2.

*Basi la hoteli limejaa.* Usisubiri la pili bila kujua linarudi saa ngapi. Likizidi nusu saa, ita teksi, mkiwa na wageni wengine wa meli hiyo hiyo mgawane nauli.

*Dereva amekushusha kituo kisicho chako.* Usimwachie aondoke mpaka umeona jina la meli yako kwenye bango au kwa macho. Akishaondoka, mlinzi wa lango atakuelekeza basi la ndani ya bandari kama lipo. Usikate njia kwa miguu katikati ya eneo la makontena. Utarudishwa, na ni hatari.

*Ni dhahiri hutafika kabla mapokezi hayajafungwa.* Pigia kampuni ya meli namba ya dharura iliyo kwenye hati zako, mara moja, hata kama umebakiza nusu saa tu njiani. Kisha pigia bima ya safari kabla hujanunua tiketi yoyote ya kuifuata meli, maana bima nyingi hudai zijulishwe kwanza. Omba shirika la ndege likupe uthibitisho wa maandishi wa kuchelewa.

*Meli yenyewe imechelewa kuingia kwa ukungu au hali ya hewa.* Kampuni itatuma ujumbe wa saa mpya, kwa hiyo namba ya simu uliyoisajili kwao iwe ile inayofanya kazi nchini humo. Ukipata ujumbe ungali hotelini, shuka mapokezi hapo hapo ukaombe saa za ziada chumbani, maana wageni wa meli hiyo hiyo walio juu nao wanasoma ujumbe huo.